Jinsi ya Kuhariri Makala ya Wikipedia Kuhusu Gemu ya Zamani: Tukitumia Space Invaders

Vijana wanaojaa kwenye vyumba vya PlayStation pale Kondele na Nyalenda, Kisumu, wanaijua FIFA kuliko wanavyojua ratiba ya mitihani. Lakini akiuliza mmoja wao gemu hizi zilianzia wapi, na akitaka jibu kwa Kiswahili, atapata mistari michache tu, mingine ikiwa imetafsiriwa ovyo na mashine. Pengo hilo tunaweza kuliziba sisi wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na iko wazi kwa yeyote mwenye simu, bando kidogo na subira.

Nitatumia Space Invaders, gemu ya Japani ya mwaka 1978 ya kuwapiga risasi maadui wanaoshuka kwa safu, kama mfano mwanzo hadi mwisho. Ni gemu iliyoandikwa sana, kwa hiyo vyanzo vipo. Pia imezungukwa na hadithi tamu ambazo si zote za kweli, na hapo ndipo mhariri hupimwa. Sentensi ya ensaiklopidia haisimami kwa sababu wewe unaijua. Inasimama kwa sababu msomaji anaweza kwenda kuihakikisha mwenyewe. Ukilishika hilo, mengine yote ni vitufe tu.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua akaunti. Inachukua dakika chache: jina la mtumiaji, nywila, na barua pepe ukitaka (iweke, kwa sababu ukisahau nywila bila barua pepe, akaunti imekwenda). Si lazima utumie jina lako halisi. Faida yake ni kwamba kazi yako yote inakaa mahali pamoja, na wahariri wengine wanaweza kukuandikia.

Wengi wetu tunaotumia data ya simu hukutana na tangazo kwamba anwani yetu ya mtandao (IP) imezuiwa kuhariri. Usivunjike moyo wala usidhani umefanya kosa. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja, na mmoja akiharibu, wote mnafungiwa. Mara nyingi kuingia kwa akaunti kunatosha. Kama unatumia VPN (programu inayoficha anwani yako), izime kwanza, maana Wikipedia huzuia anwani nyingi za aina hiyo.

Simu inatosha kwa kazi ndogo: kurekebisha tahajia, kuongeza sentensi moja na tanbihi yake (maelezo ya chini yanayotaja chanzo). Ukitaka kujenga makala nzima, tafuta kompyuta, iwe ya saiba, ya shule au ya maktaba, kwa sababu utakuwa umefungua kurasa tano kwa wakati mmoja na skrini ya simu itakuchosha. Na andika rasimu yako pembeni kwanza. Stima ikipotea ukiwa katikati ya aya ndefu kwenye kivinjari, huenda usiipate tena.

Angalia kama makala ipo

Tafuta jina la gemu kama linavyoandikwa na kampuni yake: Space Invaders, Pac-Man, Donkey Kong. Majina haya hayatafsiriwi. Usiunde makala ya pili juu ya kitu kilekile kwa sababu tu uliyoikuta imeandikwa vibaya. Iboreshe hiyohiyo.

Ikiwa ipo, soma mambo matatu kabla ya kubonyeza Hariri. Soma makala yenyewe yote. Soma ukurasa wa Majadiliano, kwa sababu pengine jambo unalotaka kulibadilisha lilishajadiliwa na likaamuliwa. Kisha fungua historia ya ukurasa uone nani aliandika nini na lini. Historia hii ndiyo inayonifanya niiamini Wikipedia kuliko tovuti nyingi za habari: kila koma iliyoongezwa ina tarehe na mwenyewe.

Chini ya makala fupi utakuta maneno kwamba makala hii bado ni mbegu. Huo ni mwaliko. Mbegu ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hakuna aya ndefu ya mtu utakayoivuruga.

Ikiwa makala haipo, swali ni kama gemu hiyo inastahili makala. Kipimo ni kuandikwa kwa kina na watu wasiohusika na kuiuza. Kwa Space Invaders hakuna ubishi. Mwaka 2016 iliingizwa katika orodha ya heshima ya gemu za video inayosimamiwa na jumba la makumbusho la The Strong huko Rochester, Marekani. Kwa gemu aliyoitengeneza rafiki yako mwezi uliopita, subiri kwanza iandikwe na wengine.

Vyanzo: hapa ndipo utumie muda wako

Watu wengi huanza kuandika kisha wakatafuta chanzo cha kubandika. Geuza utaratibu huo. Kusanya kwanza, soma, kisha andika yale tu uliyoyaona.

Kwa gemu za miaka ya 1970 na 1980, vyanzo vizuri ni magazeti ya biashara ya mashine za burudani ya wakati ule, vitabu vya historia ya gemu, mahojiano na wabunifu wenyewe, na kurasa za makumbusho. Magazeti mengi ya zamani yamechanganuliwa (kurasa zake zimenakiliwa kuwa picha) na kuwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive, na unaweza kuyasoma bila malipo. Ukiendelea kuhariri hadi ufikishe mahariri 500 na akaunti yako ikapita miezi 6, utafunguliwa pia mlango wa maktaba ya Wikipedia, yenye majarida ambayo kwa kawaida hulipiwa. Vyanzo visivyofaa ni video za mashabiki, orodha za “mambo kumi usiyoyajua”, majibu ya programu za akili bandia, na makala nyingine za Wikipedia. Wikipedia ya Kiingereza si chanzo. Itumie kukuonyesha vyanzo vilipo, kisha vifungue mwenyewe.

Haya ndiyo mambo ya msingi kuhusu Space Invaders ambayo utayakuta yamethibitishwa vizuri. Ilibuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito ya Japani na kutolewa mwaka 1978. Nchini Marekani ilisambazwa na kampuni ya Midway. Nishikado alivutiwa na Breakout, gemu ya kampuni ya Atari ya mwaka 1976. Alitumia kichakataji (ubongo wa mashine) cha Intel 8080, na ilimbidi atengeneze mwenyewe sehemu kubwa ya vifaa vya kuiundia gemu hiyo. Maadui ni 55, katika safu 5 za maadui 11 kila moja. Mwaka 1980 ilitolewa kwa ajili ya Atari 2600, kifaa cha kuchezea gemu nyumbani, na ndiyo inayotajwa kuwa gemu ya kwanza ya mashine ya sarafu kupewa leseni rasmi ya kuchezwa kwenye kifaa cha nyumbani.

Kuna jambo moja katika gemu hii ambalo ningependa kila makala ya Kiswahili ilieleze vizuri. Maadui huongeza kasi kadiri wanavyopungua. Msomaji atadhani ni amri iliyoandikwa kwenye programu. Ilivyo ni kwamba kichakataji kilikuwa na kazi nyingi mno ya kuwachora maadui wote, na kila mmoja alipouawa, kazi ikapungua na waliobaki wakasogea haraka zaidi. Nishikado aliona hali hiyo ikiongeza msisimko, akaiacha. Muziki wake wa noti nne nao huenda kasi pamoja nao. Ukiliandika hilo kwa sentensi tatu safi, mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Maseno atakuwa amejifunza kitu kuhusu uhusiano wa mashine na mchezo ambacho hatakisahau.

Namba nazo zipime kabla ya kuziandika. Safu ya juu ina maadui wa alama 30, safu mbili zinazofuata alama 20, na mbili za chini alama 10. Kwa hiyo kuwamaliza wote ni 330, kuongeza 440, kuongeza 220: jumla alama 990, bila kuhesabu chombo kinachopita juu mara mojamoja. Ukikuta ukurasa unaotoa jumla nyingine, ujue aliyeuandika hakuitazama gemu. Hesabu rahisi ya namna hii inaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kutoa nadharia yako mwenyewe juu ya kwa nini gemu ilipendwa.

Tarehe zinahitaji uangalifu pia. Kwa mwaka 1978 utakuta Juni, Julai, hata Agosti. Sababu ni kwamba siku ya kuonyeshwa kwa wafanyabiashara si siku ya kuingia sokoni. Ukiwa huna chanzo kinachosema wazi ni tukio lipi, andika mwaka peke yake. Mwaka ulio sahihi una thamani kuliko siku ya kubahatisha.

Hadithi ya sarafu za yeni 100

Utakutana nayo kila mahali: kwamba Space Invaders ilipendwa sana Japani hadi nchi ikaishiwa sarafu za yeni 100, na serikali ikalazimika kutengeneza nyingi zaidi. Imerudiwa na vitabu na magazeti kwa miaka mingi. Inavutia kuiandika.

Sasa ichunguze. Takwimu za utengenezaji wa sarafu hiyo zinaonyesha kwamba mwaka 1978 na 1979, wakati gemu ilipokuwa imeshika nchi, zilitengenezwa chache kuliko 1977. Halafu fikiria sarafu inakwenda wapi baada ya kuingia kwenye mashine. Mwenye mashine hulifungua sanduku na kuzipeleka benki. Kama zile za kondakta wa matatu, zinarudi mitaani kesho yake. Haziyeyuki.

Je, uifute hadithi hiyo ukiikuta kwenye makala? Hapana, usiifute kimyakimya, kwa sababu mwingine ataisoma kwingine na kuirudisha. Iandike jinsi ilivyo: kwamba imedaiwa mara nyingi kuwa gemu ilisababisha uhaba wa sarafu, lakini takwimu za utengenezaji haziungi mkono dai hilo. Weka tanbihi mbili, moja kwa dai na nyingine kwa pingamizi. Hivyo ndivyo makala inavyobaki bila upendeleo na bila uongo. Tumia njia hiyohiyo kwa takwimu za mapato na idadi ya mashine zilizouzwa, ambazo hubadilika kutoka chanzo hadi chanzo: taja ni nani aliyesema na mwaka gani.

Angalia pia kama vyanzo vyako vitatu ni vitatu kweli. Mara nyingi vyote vinanukuu kitabu kimoja, na kitabu hicho hakitaji kilikopata habari. Hapo una chanzo kimoja kilichovaa nguo tatu.

Kuandika aya ya kwanza

Bonyeza Hariri. Kuna namna mbili: ile inayofanana na kuandika barua kwenye kompyuta, na ile ya Hariri chanzo inayoonyesha alama. Anza na ya kwanza, lakini zijue alama chache za ya pili kwa sababu zitakuokoa siku ambayo kitu kimegoma: mabano mawili ya mraba kila upande huunda kiungo, kama [[Japani]]; alama mbili za ritifaa kila upande hulaza maandishi, kama ''Space Invaders''; na alama mbili za sawasawa kila upande huunda kichwa cha sehemu, kama == Historia ==.

Linganisha mianzo hii miwili. Wa kwanza:

Space Invaders ni gemu bora kabisa iliyowahi kutengenezwa na ilipendwa na kila mtu duniani.

Wa pili:

Space Invaders ni gemu ya video ya mashine ya sarafu iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978. Mchezaji huongoza mzinga ulio chini ya skrini, akiusogeza kushoto na kulia huku akiwapiga risasi maadui wanaoshuka kwa safu. Mchezo huisha maadui wakifika chini, au mchezaji akimaliza mizinga yake.

Wa kwanza unasifia; wa pili unaeleza ni nini, cha nani, cha lini, na kinachezwa vipi. Kama kweli kuna mtaalamu aliyeiita bora, mtaje jina na umnukuu, lakini chini zaidi, si kwenye mlango wa makala.

Kisha ongeza sentensi moja ambayo mwandishi wa Kiingereza hakuihitaji. Kwa msomaji wa Kenya, hasa wa huku magharibi, mashine inayomeza sarafu ni ile ya kamari iliyowekwa kwenye kona ya duka sokoni, ambayo wazazi wengi wameililia na maafisa wa serikali wamekuwa wakiivunja. Akisoma “mashine ya sarafu” bila maelezo, atadhani unamfundisha mwanawe kucheza kamari. Kwa hiyo mwambie mapema: mchezaji hulipia nafasi ya kucheza tu, na mashine hairudishi pesa yoyote. Chukua muda kuyatafuta mambo ya aina hii katika kila makala unayoishika. Hakuna programu ya tafsiri itakayokukumbusha.

Baada ya utangulizi, sehemu tatu zinatosha: namna ya kucheza, historia ya kuundwa kwake, na athari zake. Nimeona watu wakiandika vichwa kumi vyenye sentensi mojamoja chini yake. Ni afadhali aya nne zilizoshiba.

Ukitafsiri kutoka Kiingereza

Inaruhusiwa, na Wikipedia ina kifaa chake cha kutafsiri. Masharti ni mawili. Kwenye muhtasari wa uhariri, andika kwamba umetafsiri kutoka makala fulani ya Kiingereza, kwa sababu leseni ya Creative Commons, ambayo Wikipedia huitumia, inataka waandishi wa mwanzo watambuliwe. La pili, usihifadhi kilichotolewa na mashine kabla ya kukipitia sentensi kwa sentensi. Mashine ya tafsiri inaweza kuligeuza kasha la mbao la gemu kuwa baraza la mawaziri (kwa Kiingereza yote mawili ni cabinet), na kuna kurasa zilizowahi kuachwa hivyo.

Ushauri wangu ni huu: soma aya ya Kiingereza, ifunge, kisha mweleze mtu kwa mdomo ilichosema. Ulivyosema ndivyo uandike. Kiswahili kitatoka chenyewe.

Kuhusu istilahi, wahariri wengi wa Wikipedia ya Kiswahili wako Tanzania, na sisi wa Kenya tuna mazoea yetu. Ukikuta makala inatumia kompyuta, usiigeuze yote kuwa tarakilishi. Fuata alichoanza nacho mwenzako.

Tanbihi, picha na jamii

Kila aya iwe na angalau tanbihi moja, na kila namba, tarehe au nukuu iwe na yake. Weka kishale mwishoni mwa sentensi, bonyeza kitufe cha kutaja chanzo, bandika anwani ya ukurasa, kisha kagua kilichojazwa: jina la mwandishi, kichwa, gazeti, tarehe. Kifaa hicho hukosea majina mara kwa mara. Kwa kitabu au gazeti lililochanganuliwa, ongeza namba ya ukurasa. Bila namba hiyo umemtuma msomaji akatafute sindano peke yake.

Picha zichukue Wikimedia Commons tu, hazina ya picha zilizo huru kutumika. Picha ya skrini ya gemu ni mali ya kampuni, hata kama umeipiga wewe kwa simu yako, kwa hiyo usiipakie. Picha za makasha ya mashine zilizopo Commons tayari zinatosha. Chagua moja iliyo wazi na uandike maelezo mafupi chini yake kwa Kiswahili.

Mwisho wa ukurasa ongeza jamii, yaani makundi ya makala zinazofanana. Usibuni jamii mpya. Fungua makala ya gemu nyingine, tazama iko katika jamii zipi, nawe utumie hizohizo.

Kuhifadhi, na yanayofuata

Bonyeza kwanza hakikisho la mabadiliko. Soma kwa sauti. Kisha andika muhtasari unaoeleweka: “Nimeongeza aya kuhusu kasi ya maadui, pamoja na chanzo.” Usiache patupu, na usitie alama ya mabadiliko madogo isipokuwa umerekebisha herufi tu. Ndipo uhifadhi.

Ikiwa umeunda makala mpya, nenda Wikidata, ghala la data linalounganisha Wikipedia za lugha mbalimbali, uiunganishe na zile za lugha nyingine, ili anayesoma ya Kiingereza au ya Kijapani aone kwamba ya Kiswahili ipo. Watu wengi husahau hatua hii, na makala yao inabaki kisiwani.

Huenda mtu akaondoa ulichoandika. Usikirudishe papo hapo. Fungua historia usome sababu aliyoitoa, kisha nenda ukurasa wa Majadiliano uandike kitu kama hiki:

Ndugu, salaam. Naona umeondoa aya ya sarafu za yeni 100. Niliiweka kwa sababu dai hilo limeenea, na nilitaja kwamba takwimu zinalipinga. Je, tatizo ni chanzo au ni maneno niliyotumia? Niko tayari kurekebisha. ~~~~

Alama nne hizo za mwisho hugeuka kuwa jina lako na tarehe. Mpe siku kadhaa ajibu. Wahariri wetu ni watu wenye kazi, shamba na watoto. Akileta chanzo bora kuliko chako, kubali na umshukuru. Asipojibu kabisa, omba mhariri mwingine au mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) atazame.

Weka makala kwenye orodha ya maangalizi yako ili ujulishwe inapobadilishwa. Gemu zinazopendwa huvutia watu wanaopachika alama za ushindi walizojipa wenyewe, na mara nyingine viungo vya kampuni za kubashiri. Hivyo viondoe bila kusita, ukitaja sababu kwenye muhtasari.

Ukishaizoea Space Invaders, nenda Pac-Man. Namco iliitoa Japani mwaka 1980, Toru Iwatani ndiye aliyeiongoza, na hatua yake ya 256 huvurugika nusu ya skrini kwa sababu namba ya hatua ilitunzwa katika baiti moja, kipande kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta ambacho namba yake haivuki 255. Vyanzo vyake ni vingi, na sehemu hiyo ya baiti inahitaji mtu wa kuieleza kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili atakielewa.